Kabla hujachovya brashi: wingi wa Kiingereza na ritifaa yake

Kibao changu cha kwanza cha Kiingereza kilikuwa cha duka la nguo za watoto pale Darajani. Niliandika CHILDRENS' CLOTHES, herufi nyekundu juu ya nyeupe. Siku ya pili mwenye duka akaniita: mgeni amesimama mlangoni akamwonesha kosa. Nikafuta chote, nikaandika upya kwa rangi yangu. Nyinyi mnaoanza kazi hii, nataka hasara ile isiwafike.

Skuli nilishika kwamba vitu vya wengi, ritifaa, yaani alama hii ('), huja baada ya s. Kwa girls' na boys' ni kweli, maana s ile ni ya wingi, ilikuwapo kabla ya kumtaja mwenye mali. Lakini wingi wa child ni children, na hapo hamna s. Basi ritifaa hutangulia, s ikafuata: children's. Vivyo hivyo men's, women's, people's. Mimi mpaka leo, kabla sijafungua kopo la rangi, huandika wingi peke yake kwenye karatasi nikatazama herufi ya mwisho. Ikiwa s, naweka ritifaa tu. Ikiwa siyo, ritifaa na s.

Wife huwa wives, f imegeuka v, na wengi hubabaika hapo. Tazama mwisho tu: kuna s, kwa hivyo wives'.

Men, feet na teeth yahifadhini kwa moyo. Nasi tuna jino na meno, jicho na macho, ila hayo tumeyasikia tangu tukinyonya. Children nalipenda zaidi: zamani Waingereza walisema childer, nao tayari ulikuwa wingi, kisha wakauongezea en kama ya oxen. Neno limebeba wingi mara mbili!

Sheep ni kama ng'ombe wetu, mmoja au kumi jina ni lile lile. Sisi lakini tukisema ng'ombe wangu au ng'ombe zangu, idadi inajulikana. Sheep's haikwambii.

Kazi nyingi zitakuwa za vyoo vya mikahawa na hoteli. WOMAN'S ni cha mwanamke mmoja. Cha wote ni WOMEN'S. Mteja akikuletea karatasi yenye MENS bila ritifaa, mwoneshe kwa adabu, aandike sahihi kwa mkono wake, ndipo uchovye brashi.