Ukikatwa na mashine, usianzie mahakamani

Jumapili usiku kijana mmoja wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, aliniandikia. "Mama, mashine imenichukua vidole viwili. Mdosi amenipa elfu kumi na tano na karatasi ya kutia sahihi. Kuna mtu anasema ana wakili mzuri, hanidai kitu mpaka tushinde." Nilisoma mara tatu, mkono wangu wa kulia ukiniwasha kama ni jana.

Mimi niliumia Machi 2021, katika kiwanda cha plastiki huko Industrial Area. Nilikuwa nikitoa kipande kilichokwama kwenye mashine ya kusaga, mwenzangu wa upande wa pili hakuniona. Nakumbuka aproni ya bluu waliyonifungia mkono. Nakumbuka pia kwamba kabla gari la kunipeleka hospitali halijatoka getini, mashine ilikuwa imewashwa tena. Niliisikia. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko vidole vyenyewe.

Siku ya nne mtu mwenye tai alinifikia wodini. Alijua jina langu, alijua kiwanda, na alinitaja kama dada yake. Nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Wakili wake akapeleka kesi kwa hakimu, nami nikakaa nyumbani. Kila nikipiga simu naambiwa faili inaendelea. Januari 2022 kesi ikatupiliwa mbali. Dai la ajali ya kazini linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshalimaliza jambo hilo Desemba 2019, miezi kumi na mitano kabla sijaumia! Nililia kwenye ngazi za mahakama, na yule wa tai hakushika simu tena.

Aliyeniokoa ni mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani, mzee niliyekuwa nikimlalamikia kila mwisho wa mwezi kwa sababu ya makato ya chama. Mimi sikumtafuta, yeye ndiye alikuja. Alikuwa ameweka picha ya mashine ikiwa haina kifuniko cha kinga, na majina ya wenzangu wawili walioona. Tulienda naye DOSH, ofisi za yule Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, Commercial Street. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7 tangu aarifiwe. Wangu hakuwa ameripoti chochote. Mwenye kuumia ana miezi 12 ya kuwasilisha dai, na mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache.

Basi sikilizeni, ninyi mnaotaka haki yenu kama nilivyoitaka mimi. WIBA haidai uthibitishe kwamba mwajiri alikosea. Ukiumia kazini, unastahili. Daktari anaandika asilimia ya ulemavu, kisha asilimia hiyo inapigiwa hesabu kwenye mshahara wa miezi 96. Mimi nilikuwa napata 18,000 na nikaandikiwa asilimia 15: hiyo ni 259,200. Linganisha na elfu kumi na tano za bahasha! Na karatasi inayosema umesamehe mafao yako haina nguvu, sheria inaibatilisha.

Mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Mimi nilingoja zaidi ya hizo, lakini nililipwa, na nilipeleka risiti ya karo ya mwanangu shuleni nikiwa nimenyoosha shingo.

Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi. Akikujibu vibaya, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Leba. Hapo ndipo wakili ana kazi. Kama huna pesa, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza tangu 1973, na kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Hujui chama cha sekta yako? Uliza makao ya COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, Digo Road. Jiunge kabla hujaumia. Makato yale niliyoyanung'unikia ndiyo yaliyonifikisha Commercial Street.

Na andikeni tarehe, jamani. Siku uliyoumia, siku uliyomwambia supavaiza, siku uliyotoka hospitali. Wengi wetu tunaona aibu kudai, tunaogopa kuitwa wakorofi, miezi inapita, dai linakufa na sisi tumekaa kimya. Kibarua wa kulipwa kwa siku naye asijidharau. Jumbe za M-Pesa za malipo ni ushahidi.

Kijana wangu, ile karatasi usiitie sahihi, na yule mtu usimpe kitambulisho chako. Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa Commercial Street, mimi na mzee wa chama. Njoo na barua ya hospitali na simu yako ikiwa na chaji.