Mume wangu anataka Benzi, mimi nataka IST

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, ninaishi Buhongwa hapa Mwanza pamoja na mume wangu na watoto watatu: mapacha wa miaka tisa na mdogo wao wa miaka minne. Mume wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Tumeweka akiba pamoja hadi ikafika milioni 19. Mimi nimeona Toyota IST ya mwaka 2005 yadi, inauzwa milioni 15. Yeye amempata mtu anayehamia Arusha, anayeuza Benzi C200 ya mwaka 2010, ile ya stesheni wagoni, kwa milioni 28, na anataka nikope milioni 9 kwenye SACCOS ya kazini ili tujazie. Anasema IST ni gari la kila mtu, na kwamba Benzi litatufaa kwa mizigo na kwa kwenda kwa mama yake Sengerema. Wiki iliyopita nilimwambia mbele ya mdogo wake kwamba anapenda sifa. Tangu siku hiyo habari za gari hazitajwi nyumbani, na hata mengine tunayazungumza kwa shida. Nifanyeje?

Mama Kulwa, Buhongwa

Marahaba, mwanangu Mama Kulwa.

Nitaanza na mkopo, kwa sababu umeutaja kwa maneno machache na kupita, ilhali kwangu mimi ndio ulioubeba uzito wa barua yako. Mkopo huo utakuwa na jina lako, utakatwa kwenye mshahara wako kabla hujaugusa, na watakaokudhamini ni wafanyakazi wenzako ambao mnaonana kila siku wodini. Kipato cha mumeo hakifuati tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika, na mvua zikishika hata dagaa waliopatikana hukosa jua la kuwakausha wakashuka bei. Simlaumu kwa hilo, kwa maana ndivyo ziwa lilivyo na ndilo lililowalisha hadi leo. Lakini mwezi mbaya utakapokuja, ada, chakula, na gari lililokwama kwa fundi vyote vitauangukia mshahara ambao tayari umekatwa. Usichukue mkopo huo, na umwambie hivyo waziwazi, ili asiendelee kumpa yule muuzaji ahadi ambayo wewe ndiye utakayeilipa.

Sasa kuhusu Benzi lenyewe nisiwe mchoyo wa haki. Ni gari zuri. Limetulia barabarani, breki zake ni za kuaminika, na buti lake lina nafasi ya lita 485 hata kabla ya kulaza viti vya nyuma. Mtu anayeendesha kwenda Shinyanga au Musoma mara kwa mara ataisikia tofauti hiyo mgongoni mwake. Tatizo ni kwamba bei ya milioni 28 ni bei ya kulipata tu. C200 ya mwaka huo ina injini ya sisi 1,800 yenye tabo, na mafundi wanaozijua injini hizo watakuambia kwamba cheni yake ya taimingi hulegea kadiri umri unavyosogea, hasa kama aliyetangulia hakuwa mwangalifu na oili. Usukani wake una kufuli inayoendeshwa na mota ya umeme, na mota hiyo ikifa gari haliwaki kabisa, hata kama injini ni nzima. Hitilafu za namna hiyo hazitaki spana peke yake, zinataka kompyuta ya kupimia na fundi anayejua kusoma inachosema, na spea isipopatikana hapa mjini italazimika kuagizwa Dar es Salaam huku wewe ukipanda daladala. Ongeza kwamba bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari, na kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa ikaingizwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari linalokunywa zaidi hulipa zaidi kila linaposimama kituoni. Halafu kuna barabara zetu. Benzi hilo liko chini na ni refu, na njia nyingi za kupandia nyumba zilizojengwa milimani humu Mwanza ni mawe matupu yasiyochagua bampa wala sampo.

Kuhusu mizigo, hebu tuulizane kwa upole: ni mizigo gani? Kama ni dagaa, sijamwona bado mfanyabiashara wa Mwaloni anayepakia magunia ya dagaa kwenye gari la kwendea harusini. Harufu ile ikishaingia kwenye kitambaa cha viti haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Kama ni mizigo ya nyumbani, yaani mchele, ndoo, mabegi ya watoto na mkungu wa ndizi kutoka kwa mkwe, hapo ana hoja, kwa sababu IST ni fupi na buti lake hujaa haraka mkiwa watano ndani.

Na hiyo ya watano nayo ihesabuni vizuri. Najua tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, Sengerema imekuwa safari ya Jumapili mchana bila kungoja kivuko, na mumeo ana haki ya kutaka kumwona mama yake mara kwa mara. Lakini ninyi wenyewe mko watano, na magari yote mawili yana viti vitano. Siku mtakayotaka kumleta bibi mjini kwa ajili ya kliniki, Benzi halitakuwa na nafasi ya ziada kwake kuliko IST. Mtoto mmoja atabaki kwa jirani, gari liwe lipi.

Kwa hiyo kati ya hayo mawili ninakuunga mkono wewe: nunueni IST, na milioni 4 zitakazobaki zilipie uhamisho wa umiliki, bima, matairi mapya, na akiba ya fundi. Ila kabla hujaenda yadi na fedha, kuna gari la tatu ambalo nashangaa hamkulitaja. Toyota Corolla Fielder ni stesheni wagoni kamili, ina buti refu analolitaka Baba Kulwa, na ile ya sisi 1,500 inatumia injini ya 1NZ-FE, ambayo ndiyo iliyomo kwenye IST za sisi 1,500. Fundi anayeijua moja anaijua nyingine. Tafuteni iliyotunzwa ndani ya akiba yenu hiyohiyo, hata kama itawachukua miezi miwili zaidi. (Probox nayo ina nafasi kubwa na haichoki, lakini hiyo sikushauri, maana mkifika Usagara watu watawasimamisha wakidhani ni mchomoko wa kubeba abiria.)

Ukimpelekea pendekezo hilo, msikilize anavyojibu. Akifurahia buti la Fielder, basi shida yake ilikuwa nafasi tangu mwanzo, nawe ulimhukumu vibaya. Akiikataa bila hata kwenda kuitazama, basi anachokitaka ni ile nyota iliyo mbele ya Benzi, na hapo mwanangu usimcheke. Mwanamume aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo kwenda kushindania dagaa, akarudi nyumbani nguo zikinuka samaki, anaweza kutamani siku moja ashuke kwenye gari ambalo watu watageuka kulitazama. Tamaa hiyo si dhambi. Ila igharimiwe na faida ya biashara yake mwenyewe, wakati wake ukifika, na si kwa mshahara wa muuguzi.

Hapo ndipo ulipokosea wewe. Ulichokisema huenda ni kweli, lakini ulikisemea mahali pabaya, kwani mbele ya mdogo wake hakuwa na namna ya kukubali bila kujishusha. Mwombe radhi kwa hilo tu, mkiwa wawili, watoto wakishalala, na usiunganishe radhi hiyo na habari za bei, kwa sababu ataisikia kama mtego. Pisheni siku moja au mbili. Kisha kaeni na daftari, kila mmoja aandike kipato chake cha mwezi mzuri na cha mwezi mbaya, muone pamoja kinachobaki kwa ajili ya gari. Mwanamume wa biashara huelewa daftari haraka kuliko maneno.

Mkishakubaliana, gari lolote mtakalolichagua mlipeleke kwa fundi wenu, si wa muuzaji, mlinganishe namba ya chesisi na iliyoandikwa kwenye kadi, na mhakikishe halidaiwi faini za trafiki. Na yule bwana wa Arusha akipiga simu kuuliza mmefikia wapi, Baba Kulwa ndiye ampokee na kumpa jibu, kwa sababu yeye ndiye aliyemwahidi.