Barafu ya kisima ilivyonidanganya miezi mitatu: ushauri kwa mnaopima baridi

Wacha nianze na aibu yangu, ndio mjue ushauri huu umetoka wapi. Mimi ni fundi wa mafriji na vyumba vya baridi hapa Mombasa, kazi imenizungusha Shimanzi, Changamwe, Kongowea mpaka ng'ambo Likoni, na kuna mwaka nliamua kuongeza kazi ya kukagua themomita za wateja, manake nliona watu wana chumba cha samaki cha mamilioni alaf baridi yake wanaipima na kidude cha mia tano kilichobandikwa mlangoni, na wanakiamini kuliko macho yao.

Elimu yangu ilikuwa moja tu, kwamba barafu inayoyeyuka ni digrii 0. Basi, nachukua chupa ya chai, najaza barafu, natia maji kidogo, natumbukiza themomita ya mteja, ikisoma 0.4 chini ya sufuri naingia kwenye setingi naiongeza 0.4, imekuwa sufuri, nipe changu niende. Miezi mitatu hivo. Na ajabu ni kuwa karibu kila themomita nliyoishika ilikuwa inasoma chini ya sufuri, ya Uchina, ya Ujerumani, zote, na hata siku moja sikujiuliza vipi themomita za nchi mbalimbali zikosee upande mmoja tena kwa kiasi kilekile.

Siku moja nikaenda kwa mama mmoja mwenye duka la dawa, ana friji ya insulini, na themomita yake mpya imekuja na cheti cha maabara. Nikaitia kwenye chupa yangu, 0.4 chini. Nikamwambia mama, hii imekosea, nipe dakika mbili niirekebishe. Akaniangalia juu chini, alaf akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii imekuja na cheti. Hiyo chupa yako ya chai cheti chake kiko wapi?"

Wallahi nlikosa jibu. Nikajifanya simu inalia.

Jioni ile nikafanya kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza: nikaionja ile barafu. Chumvi. Nlikuwa nainunua kwa watu wa samaki, na wao wanaigandisha kwa maji ya kisima, na aliyezaliwa kisiwani hahitaji kuelezwa maji ya visima vyetu yakoje, ukipikia chai ulimi unajua. Maji yenye chumvi hayagandi kwa digrii 0. Gramu 6 hivi za chumvi kwa lita zinatosha kushusha sufuri yako kwa karibu digrii 0.4, na maji ya bahari yenyewe yanaanza kuganda karibu na digrii 1.9 chini ya sufuri. Kwa hivo themomita zilikuwa sawa, mkosaji nlikuwa mimi, na kila nliyoirekebisha nliiharibu. Na ukitaka kujua uzito wake fikiria friji ya insulini au chanjo, inatakiwa ikae kati ya 2 na 8, sasa themomita nimeifanya isome juu kuliko ukweli, mwenye friji anaona 2.2 anatulia kumbe ndani ni 1.8 na inaelekea kule kwenye kuganda, na insulini ikiganda ndio basi tena, ni ya kutupa. Nlirudi kwa kila mteja nikarudisha setingi bure. Mmoja mpaka leo nikipita ananikunjia uso, na ana haki.

Sasa barafu nagandisha mwenyewe, kwa maji ya betri, yale ya kuongezea si asidi jamani, yanauzwa petroli stesheni yoyote. Naisaga iwe kama ile ya muuza juisi, naijaza kwenye chupa ya chai mpaka chini kabisa, natia maji hayohayo ya betri, yawe baridi tayari, kiasi cha kujaza nafasi kati ya chembe tu. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Maji yanakuwa mazito zaidi yakiwa karibu digrii 4, kwa hivo barafu ikielea juu na chini kukabaki maji matupu, yale ya vuguvugu yanakwenda kutulia chini, palepale ncha ya sensa yako ilipo, na utasoma digrii 2 au 3 useme themomita mbovu. Yakizidi mwaga, ongeza barafu, koroga. Sensa nayo izame vizuri, mara 15 ya unene wake au zaidi, manake chuma chenyewe kinaleta joto la nje mpaka kwenye ncha, na joto la Mombasa si la mchezo. Subiri robo saa. Ukifanya hivi kwa makini, hicho kichupa cha chai kinakupa sufuri ambayo haikosei zaidi ya sehemu moja ya mia ya digrii, yaani 0.01, na sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachokaribia hapo.

Kuna mtu ataniambia, na maji yanayochemka je, si digrii 100? Kwetu hapa ufukweni inakaribia, ila inategemea presha ya hewa ya siku hiyo, na ukichukua mbinu hiyo ukaenda nayo Nairobi maji yatachemka kwenye 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko. Mimi siitumii. (Kwa wapenda historia: Anders Celsius mwenyewe mwaka 1742 alipanga mambo kichwa chini, 0 ndio kuchemka na 100 ndio kuganda, wakaja kugeuza baadaye. Kwa hivo usijione mjinga peke yako.)

Turudi kwenye swali la yule mama, manake ndilo swali lote. Cheti chake kiko wapi. Waliosoma madrasa mtanielewa haraka: ni kama isnadi. Hadithi huichukui hivihivi, unauliza fulani kaipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka ifike kwenye asili. Themomita pia. Yangu imelinganishwa na ya maabara, ya maabara imelinganishwa na ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kule Nairobi ambao ndio wanashika vipimo vya taifa, na maabara za mataifa nazo zinalinganishana wenyewe kwa wenyewe. Mnyororo ukikatika popote, namba yako haina ukoo. Na kule juu wanatumia skeli ya joto ya kimataifa ya mwaka 1990, ITS-90, ambayo imepigiliwa kwenye vituo visivyobadilika: galiamu inayeyuka kwenye 29.7646, bati linaganda kwenye 231.928, zinki 419.527, na maji, ambayo barafu na maji na mvuke vikikaa pamoja ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa bila hewa, ni digrii 0.01 kamili. Chupa hiyo ndiyo ilikuwa inabeba maana ya kelvini, kipimo cha joto cha wanasayansi, tangu 1954, mpaka tarehe 20 Mei 2019 walipoihamisha wakaifunga kwenye namba ya Boltzmann, namba isiyobadilika inayounganisha joto na nishati. Kwa sisi wa mafriji hakuna kilichobadilika siku hiyo, stima ilikuja na kupotea kama kawaida.

Na tafadhali tuache kuchanganya. Kalibresheni si kurekebisha. Kalibresheni ni kulinganisha na kuandika tofauti, kwamba kwenye 0 hii inasoma 0.2 juu, kwenye -20 inasoma 0.3 chini, basi. Kurekebisha ni kazi nyingine, na ukishagusa setingi lazima ulinganishe upya. Pia cheti cha nukta moja hakisemi kitu kuhusu nukta nyingine, mtu analeta themomita iliyopimwa kwenye 0 na 100 anataka aitumie chumba cha -20, hapana.

Sasa tuje kwenye lile jambo watu wanalikimbia, shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea huku au huku. Kila namba ina shaka yake, namba isiyokuja na shaka haijakamilika, ni kama kuambiwa nyumba iko Kisauni. Kisauni wapi? Ntawapa mfano wa kweli. Ami mmoja ana chumba cha samaki, anatakiwa awe -18 au chini zaidi. Ukutani kunasoma -18.2. Akaja mkaguzi na kifaa chake, kikasoma -17.4. Ami akanipigia simu kwa hasira, "Fundi, huyu ananionea!" Nikamwambia ami tulia, tuhesabu kwanza.

Tukaanza. Cheti cha themomita kinasema shaka ni 0.2, na chini kimeandikwa k=2, manake hiyo imeshazidishwa mara mbili, nusu yake ni 0.1. Skrini inaonyesha hatua za 0.1, kwa hivo nusu hatua ni 0.05, gawa kwa 1.73 (kipeuo cha 3, ndivyo inavyogawiwa shaka ambayo unajua mipaka yake tu), unapata 0.03. Themomita imekaa mwaka tangu ipimwe, nliipa nafasi ya kuhama 0.3, gawa kwa 1.73, 0.17. Nlisoma mara kumi nikapata mtawanyiko ambao kwa wastani unatoa 0.04. Alaf nikaweka loga tisa, vidude vinavyorekodi joto vyenyewe, ndani ya chumba, karibu na mlango, chini ya feni, nyuma ya makreti, na hapo ndipo ami mwenyewe aliposhika kichwa: pembe na pembe zinapishana mpaka 0.8 juu na 0.8 chini ya wastani. Gawa kwa 1.73, 0.46. Hazijumlishwi hivihivi, unachukua mraba wa kila moja, unajumlisha, unatafuta kipeuo. Inatoka 0.5 na kidogo. Zidisha mara mbili, ukitaka uwe sawa takriban mara 95 kwa 100, ni 1.01, sema 1.0.

Kwa hivo chumba cha ami si -18.2, ni -18.2 na shaka ya digrii 1 huku na huku, yaani popote kati ya -19.2 na -17.2. Ya mkaguzi imo humohumo! Hakuna aliyedanganya, walikuwa wamesimama sehemu mbili za chumba kimoja. Ami alikuwa tayari kununua themomita ya bei mbaya ili amshinde yule mkaguzi, nikamfutia ile 0.1 ya cheti kabisa, kana kwamba ana themomita ya malaika, tukahesabu tena, jibu likatoka 0.99. Pesa yote hiyo kwa 0.02. Tulichofanya ni kusogeza makreti yasizibe feni, kubadilisha raba ya mlango iliyochoka, na kushusha seti mpaka -20, ndio hata shaka ikimwendea vibaya bado yuko ndani ya sheria.

La mwisho ni nyaya, na hili ni letu watu wa pwani hasa. Wengi mnatumia sensa za platinamu, Pt100, ambazo ukinzani wake wa umeme ni omu 100 kwenye sufuri na zinapanda kama omu 0.39 kwa kila digrii. Piga hesabu: omu moja tu ya ziada kwenye waya ni digrii mbili na nusu. Ukifunga sensa ya nyaya mbili na kebo ya mita ishirini nyembamba umeshapotea kabla hujaanza, funga ya nyaya tatu au bora nne. Na hewa yetu ya chumvi inakula viunganishi, kutu ikiingia omu zinaongezeka, themomita inasoma juu, mwenye chumba anadhani kompresa imechoka anaita fundi, fundi naye anabadilisha kompresa. Nimeiona hiyo zaidi ya mara moja. Fungua kiunganishi kwanza, kisugue, pima tena, ndio uguse mashine.

Yule mama wa duka la dawa bado ni mteja wangu, kila nikienda ananiuliza "chupa imepata cheti?" Imepata kinachofanana na hicho, sasa nina themomita yangu ya kulinganishia yenye cheti, na ile barafu ya maji ya betri iko kwenye friza ya nyumbani kwenye mfuko ulioandikwa kwa maka nyekundu SI YA JUISI, manake wiki iliopita nlikuta nusu yake imeshanywewa ndani ya juisi ya ukwaju.