Tunawaombea wabunge hekima, au tunaombea hekima wabunge?

Swali: Nimepewa kazi ya kutafsiri sala ya Kiyahudi inayosomwa kuwatakia watunga sheria hekima na amani. Kichwa nimekiandika hivi: "Sala ya kuombea hekima na amani wabunge." Mwenzangu anasema kimekaa upande, ila hawezi kueleza kwa nini. Pia anataka "dua" badala ya "sala". Nani yuko sawa?

Jibu: Mwenzako ana sikio zuri. Kilichokaa upande ni kitenzi. "Kuomba" huchukua kile kinachotakwa: naomba maji, naomba hekima. Kikishakuwa "kuombea", kinafungua nafasi ya yule atakayefaidika, naye ndiye hutangulia, tena hudai kiambishi chake ndani ya kitenzi: tunawaombea wabunge hekima. Hiyo "-wa-" ni ya wabunge. Hekima haina kiambishi. Ipime kwa kuigeuza sentensi iwe ya kutendwa. "Wabunge wanaombewa hekima" inapita. "Hekima inaombewa wabunge" inakwama kooni. Kwenye kichwa chako hekima imekalia kiti cha wabunge, na msomaji anaweza kudhani hekima ndiyo mgonjwa aliyeletwa kuombewa.

Utaniuliza, mbona watu husema "tukusanyike kuombea amani"? Wanasema, na si kosa, kwa sababu kauli ya kutendea hubeba pia maana ya kusudi: kuomba kwa ajili ya amani. Lakini akishatajwa anayeombewa katika sentensi hiyohiyo, yeye ndiye mwenye haki ya kwanza: kuiombea nchi amani.

Kielelezo kizuri kimo katika andiko ambalo Wayahudi wenyewe hulitaja kuwa chimbuko la desturi hii, yaani barua ya Yeremia kwa waliohamishiwa Babeli, sura ya 29 aya ya 7. Watafsiri wa Biblia ya Union waliandika "kautakieni amani mji ule", kisha "mkauombee kwa BWANA". Tazama ile "-u-" katika vitenzi vyote viwili. Ni ya mji. Amani imekaa nyuma yake bila kiambishi, kama inavyotakiwa.

Sasa sala na dua. Kwa Mwislamu, sala ni ibada yenye nyakati, rukuu na sijda, na dua ni maombi yanayoweza kuletwa wakati wowote. Mkristo huita vyote viwili sala, au maombi. Wayahudi nao wana ibada za nyakati, tatu kwa siku, na ombi la kuiombea serikali huingizwa ndani ya ibada ya asubuhi ya Sabato, baada ya kusomwa Torati na kabla ya gombo kurudishwa kabatini. Kwa hiyo ni dua iliyomo ndani ya sala, na hapo mwenzako ameshinda. Isitoshe, Bunge la Tanzania limekwisha kuamua jambo hili kwa matumizi: kumbukumbu zake rasmi huanza kwa kuandika kwamba Spika alisoma dua. Ukishikilia "sala", walau usiiandike "swala", maana huyo ana pembe na anakimbia.

"Hekima" iache ilivyo. Imetujia kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa "hokhma" ya Kiebrania. Ila angalia andiko lako linaomba nini hasa. Dua ya Taifa la Israeli, iliyotungwa mwaka 1948, haitaji hekima kwa jina. Inaomba viongozi, mawaziri na washauri wapelekewe nuru na kweli, kisha waongozwe kwa "etza tova", yaani shauri jema. Kama unatafsiri hiyo, andika shauri jema, wala usiwapachike wabunge mahali pa mawaziri.

"Amani" ina utata zaidi. Katika "Mafundisho ya Mababa", mkusanyo wa kale wa misemo ya walimu wa Kiyahudi, Rabi Hanina, naibu wa makuhani, anaagiza watu waombee "shalom" ya utawala, kwa kuwa bila hofu yake kila mtu angemmeza mwenzake mzimamzima. Shalom hapo si kukosekana kwa vita tu; ni kukaa sawa kwa mambo. Ndugu yake wa damu katika Kiswahili ni "salama", lakini salama yetu imebaki na maana ya kutodhurika. Mimi ningeandika "amani na utengamano" pale ambapo mstari unaruhusu, na "amani" tupu kwenye kichwa.

Kuhusu "wabunge": Mzanzibari atakukumbusha kwamba wa kwao, walio katika Baraza, huitwa Wawakilishi, na Mkenya ana maseneta wake. "Watunga sheria" huwameza wote. Liandike kwa maneno mawili, na ukitaka "watungaji", ongeza "wa": watungaji wa sheria.

Na usidhani jambo hili ni la vitabuni tu. Tarehe 1 Februari 1860 Rabi Morris Raphall wa New York alisimama mbele ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, akiwa amejitanda shali ya ibada, akawa Myahudi wa kwanza kufungua kikao chake kwa dua. Wabunge hao walikuwa wamekaa tangu mapema Desemba wakishindwa kumchagua Spika. Siku hiyohiyo William Pennington akapatikana, katika duru ya 44 ya kura. Hao ndio wa kuombewa amani.

Basi kichwa chako kiwe: "Dua ya Kiyahudi ya kuwaombea watunga sheria hekima na amani." Mwishoni andika "Amina". Asili yake na ya "amani" ni mzizi mmoja wa Kisemiti, na msomaji makini atausikia.