Je, mapengo ya angani yanapotosha kipimo cha kupanuka kwa ulimwengu?

Swali: Nasikia galaksi hazikutawanyika sawasawa: kwingine zimesongamana, kwingine ni mapengo. Je, hali hiyo haivurugi kipimo cha kasi ya ulimwengu kupanuka? Na je, ndiyo sababu wengine wanapata 67 na wengine 73 (kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26 ya umbali)?

Jibu: Inavuruga, tena sana kwa galaksi za jirani. Mwanga wa galaksi hutupa kasi moja tu, kumbe ndani yake zimo mbili: kasi ya upanukaji, na kasi ya galaksi kuvutwa na milundikano iliyo karibu nayo.

Chukua tukio la Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni (masalia mazito ya nyota zilizolipuka) zilipogongana katika galaksi NGC 4993. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga iliyotokana na mgongano huo, yalitupatia umbali, kama megaparseki 43, yaani miaka ya nuru milioni 140. Kundi la galaksi hiyo lilionekana likitukimbia kwa kilomita 3,327 kwa sekunde. Lakini ramani za galaksi za upande ule zilionyesha kuwa kilomita 310 hivi zilitokana na mvutano wa milundikano. Zilipotolewa zikabaki 3,017, na kipimo kikatoka 70. Bila marekebisho hayo kingezidi kwa karibu asilimia 10! Na hizo 310 zenyewe zina shaka ya 150 juu au chini.

Dawa yake ni kwenda mbali. Mvutano huo hubaki wa mamia ya kilomita, ilhali upanukaji huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka: kwenye megaparseki 200 unafika kilomita 14,000 hivi, na zile 300 zinakuwa kama asilimia 2 tu. Ukipima supanova (milipuko ya nyota) nyingi za pande zote za anga, makosa mengi hufutana.

Linalobaki ni zito zaidi: vipi kama sisi wenyewe tumo ndani ya pengo? Maada ya nje ingezivuta galaksi kutoka kwetu, nasi tungepima kasi iliyozidi. Mwaka 2013 wanaastronomia Keenan, Barger na Cowie walihesabu galaksi wakaona dalili za pengo lenye nusu kipenyo cha megaparseki 300 hivi. Maada ikipungua humo kwa theluthi, kipimo hupanda kwa asilimia 5 au 6. Kutoka 67 hadi 73 ni ongezeko la karibu asilimia 9. Wapo wanaoendelea kulitetea wazo hilo, ila mimi naona halitoshi, kwa sababu supanova zilizo nje ya pengo zingepaswa kuonyesha kipimo kikishuka ghafla. Wanaastronomia Kenworthy, Scolnic na Riess waliutafuta mshuko huo mwaka 2019, hawakuuona.