Kijani cha jangwani: maswali yenu

Tangu ile video ya jangwa la Wachina ianze kuzunguka WhatsApp inboksi yangu imefurika, nachukua machache tu maana mengine nishajibu mpaka nimechoka.

Wachina wamelizungushia jangwa miti, sie mbona twashindwa? (Kisauni)
Wamelizungushia, ndio. Ni jangwa la Taklamakan, lililo ndani ya bonde la mto Tarim huko magharibi mwa China, mkanda wa kilomita 3,046 waliokuja kuufunga Novemba 2024. Lakini mkanda uko ukingoni, kazi yake kuzuia mchanga usitambae. Katikati bado mchanga mtupu.

Jangwa si ni mahali pa joto kali?
Mara ya tatu hii! Jangwa ni uhaba wa mvua. Huko Tarim Januari waganda kwa baridi.

Setilaiti zasema bonde limezidi kuwa kijani, kweli au ni propaganda? (Tudor)
Kweli, na hapo ndipo mnapoingia mkenge. Setilaiti haihesabu miti, yapima mwanga tu: jani hai lameza mwekundu na kurudisha wa infraredi ambao sie hatuuoni. Sasa shamba la pamba na msitu wa asili wa miti ya popla vyote vyatoka kijani, na kijani kingi cha Tarim ni mashamba, yanayokunywa maji ya theluji ya milima ya Tian Shan na Kunlun yale yale yaliyokuwa yakishuka mpaka mwisho wa mto Tarim. Mashamba yakazidi, bwawa likajengwa, miaka ya 70 kilomita 300 na zaidi za mwisho zikakauka, popla zikafa zimesimama. Mwaka 2000 ndio serikali ikaanza kufungulia maji kwa makusudi, na zilizopata nafuu ni zile za karibu na mto, ukisogea mbali maji ya ardhini yako chini mno mizizi haiyafikii. Kwa hiyo mtu akikuletea ramani ya kijani muulize kwanza ni mmea gani, na wanywa maji ya nani.

Nina shamba kavu Kinango, nipande mathenge? (Likoni)
Usipande.

Najua utauliza kwa nini. Mathenge, ule mti wa kigeni wa miiba, iliingia Kenya 1973, tena hapa hapa Bamburi, ili kuotesha miti kwenye yale machimbo ya kiwanda cha saruji. Miaka ya 80 ikasambazwa Baringo na Tana River eti izuie jangwa, mbuzi wakala maganda yake na mbegu zikaenda na mavi kila mahali, na kwa sukari ya maganda hayo meno yao yakaoza. Watu wa Baringo wakaishtaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo kortini! 2008 ikatangazwa magugu hatari. Kutoka juu Baringo yapendeza, kijani tupu, lakini mfugaji hana pa kupitisha ng'ombe.

Mbona Bamburi kulikubali? (Nyali)
Kilichokubali kwenye machimbo ni miti ya mvinje, na majongoo waliokula majani yake makavu wakatengeneza udongo. Na ilichukua miaka, si mvua moja.

Wagawa miche?
Naandika tu ndugu yangu, kitalu sina.