Baiskeli kwenye mifereji ya Lower Moshi

Habari kaka. Umeuliza kama baiskeli ya barabara ya lami itafika kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi kutoka Moshi mjini, na kama njia ni nyepesi. Kufika utafika, ila tairi zako nyembamba zitakutesa. Tafuta za upana wa milimita 40 kama fremu inazipokea, na usijaze upepo hadi ziwe ngumu kama jiwe, kwani utaruka kila changarawe.

Ukishapita Mabogini kuelekea Chekereni, utaona mifereji imenyooka, majaruba pande zote, na Kilimanjaro nyuma yako. Toka saa 12 asubuhi, mlima bado haujajifunika mawingu.

Sasa hapa ndipo wengi wanadanganyika. Kwenda ni mteremko mdogo usiousikia miguuni. Kurudi, mteremko huohuo unakuwa mlima, jua la saa tano likiwa kichwani. Bakiza nguvu na maji.

Beba tyubu mbili na viraka, miiba ya migunga haina huruma. Masika usiende kabisa: udongo ule mweusi hujikunja kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na utaishia kuibeba baiskeli begani.

Kingo za mifereji ni njia za kazi. Ukikutana na mama amebeba miche, shuka, msalimie, mpishe. Na nakuomba sana, usinawe wala kutumbukiza miguu mferejini hata ukiungua na joto. Kichocho kipo kule.